Msitu wa Buckinghamshire Unaoitwa Mbale: Dhidi ya Kuchanganya Mandhari na Mahali

Kumekuwa na mazoea, hasa katika semina na tasnifu zinazohusu uhusiano wa fasihi na filamu, ya kuanza uhakiki kwa swali moja na kuumalizia papo hapo: filamu hii ilipigwa wapi? Ikiwa ilipigwa katika ardhi yetu, mhakiki huipa sifa ya uhalisi. Ikiwa ilipigwa ng'ambo, huihukumu kuwa ya bandia. Kisha kalamu huwekwa chini kana kwamba kazi imekwisha. Makala hii inapinga mazoea hayo. Inadai kwamba wanaoyafuata wamechanganya dhana mbili ambazo mwanafunzi wa fasihi hupaswa kuzitenganisha tangu mwaka wake wa kwanza, yaani mandhari na mahali. Mandhari huundwa na kazi yenyewe: kwa majina, kwa usemi wa wahusika, kwa shughuli wazifanyazo, kwa namna watu wanavyohusiana na vitu vinavyowazunguka. Mahali pa kupigia picha, kwa upande mwingine, aghalabu huamuliwa na mhasibu.

Ushahidi utachukuliwa zaidi katika filamu za kijasusi, kwa sababu hakuna utanzu wa sinema unaotaja miji mingi kwa pupa kama huo: jina la mji huandikwa juu ya picha, risasi hulia, na kabla mtazamaji hajapepesa jicho msafara umehamia mji mwingine. Machakos nayo itahusishwa, kwa sababu ni mahali palipopigwa filamu maarufu kabla jasusi mashuhuri wa Uingereza hajabuniwa, na kwa sababu serikali yake ya kaunti imewahi kuligeuza swali la "ilipigwa wapi" kuwa sera.

Tuanze na Mbale. Katika filamu ya Casino Royale iliyotoka mwaka 2006, ikiongozwa na Martin Campbell na kumtambulisha Daniel Craig katika nafasi ya James Bond, mtazamaji hupelekwa mapema katika kambi ya waasi msituni, na maandishi humwarifu kwamba hapo ni Mbale, Uganda. Hapo ndipo Le Chiffre, mweka hazina wa magaidi, anapokabidhiwa fedha za kiongozi wa waasi aitwaye Obanno, ambaye kwa kawaida hutambulishwa kuwa wa jeshi la Lord's Resistance Army na ambaye huigizwa na Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Ivory Coast. Msitu huo ni Black Park, bustani ya umma katika jimbo la Buckinghamshire, Uingereza, iliyo jirani na studio za Pinewood na inayotumiwa na watengenezaji wa filamu pale wanapohitaji miti bila safari ndefu. Madagascar inayofuata baadaye, yenye mbio za kupanda vyuma vya jengo ambalo halijakamilika, ilipigwa Bahamas. Na ubalozi ambamo mbio hizo zinaishia ni wa nchi iitwayo Nambutu, ambayo haipo katika ramani yoyote ya Afrika.

Mhakiki wa mazoea tuliyoyataja hufurahi mno anapogundua haya. Anaandika "bandia" na kupiga mstari. Lakini ugunduzi wake haujatufikisha popote. Kama msitu wa Buckinghamshire ungefanana na Mbale, na kama watu waliowekwa humo wangekuwa watu wa Mbale, umbali wa maili elfu kadhaa usingekuwa na madhara yoyote. Jukwaa la mbao la tamthilia limewahi kuwa Roma, Mombasa na ahera bila ya mtu kudai nauli. Kasoro ya Casino Royale iko kwingine kabisa, na kamera ingeweza kuibeba kasoro hiyo hadi Mbale kwenyewe bila kupungua hata chembe.

Mbale ni mji. Uko mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon ambao Wagisu huuita Masaba, na wazee wa pande zote mbili za mpaka wanakumbuka sifa yake ya zamani ya kuwa miongoni mwa miji safi kuliko yote katika Afrika Mashariki. Ni mji wa kahawa, wenye chama cha ushirika cha Bugisu kilichoasisiwa mwaka 1954. Ni mji wa chuo kikuu, kwani Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa hapo mwaka 1988. Vita vya Lord's Resistance Army vilikuwa vya kaskazini, katika Acholi na majirani zake, na katika Julai 2006, miezi michache kabla ya filamu kuonyeshwa, wawakilishi wa jeshi hilo na wa serikali ya Uganda walikuwa wameketi Juba wakizungumzia amani. Zaidi ya hayo, mwaka 2006 ulikuwa mwaka shufwa, na kwa Wagisu mwaka shufwa ni mwaka wa imbalu, yaani wa tohara ya vijana. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao ulimwengu ulionyeshwa Mbale ya bunduki na masanduku ya fedha, vijana wa Mbale yenyewe walikuwa wakizunguka kwa ngoma na njuga kuwaalika jamaa zao. Mwandishi wa filamu hakuhitaji kusafiri ili kuyajua haya, maktaba ingemtosha. Hakuyatafuta, kwa sababu alichohitaji ni neno lenye silabi mbili ambalo lingesikika kama Afrika. (Na jina la Obanno, ambalo ni kama jina la Kijaluo lililoongezewa herufi ili lipendeze katika jicho la Mzungu, limetoka katika ghala hilo hilo.)

Utetezi unaotolewa hapa unajulikana. Husemwa kwamba filamu za Bond huidanganya kila nchi kwa usawa: hata Montenegro ya filamu hiyo hiyo, yenye hoteli ya kifahari na meza ya kamari, ilipigwa Karlovy Vary katika Jamhuri ya Cheki. Utetezi huu ni hodari na haufai kupuuzwa. Lakini ndio unaobainisha hoja ya makala hii kuliko mfano mwingine wowote. Montenegro iliazimiwa mji ili uwe mji. Ilipewa hoteli, lifti, watumishi, vinywaji vyenye majina, mkuu wa polisi anayeweza kuhongwa kwa ustadi, na muda wa kutosha kwa wahusika kukaa chini wakala na kubishana. Mbale, ambayo ni mji, iliazimiwa msitu. Nchi zote mbili zilipigwa mahali pasipo pao, ila moja ilipewa mandhari na nyingine ikapewa giza la miti. Tofauti hiyo haimo katika orodha ya mahali pa kupigia picha. Imo katika kazi, na haionekani ila kwa kuisoma kazi.

Kama bado kuna anayeamini kwamba dawa ya ugonjwa huu ni kuwaleta wapiga picha nyumbani, na aitazame The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya John le Carré, bingwa wa hadithi za kijasusi. Hapa hakuna bustani ya Buckinghamshire. Mwongozaji, Fernando Meirelles wa Brazili, alikuja na watu wake hadi Kibera na hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, na mabati, vumbi, reli na watoto unaowaona ni vya Kenya kweli. Sifa zilizomwagwa juu ya uhalisi wa picha hizo zilistahiki. Walakini mtu aulize: ni Mkenya gani katika filamu hiyo anayebeba siri, anayepanga, anayekosea, anayebadilika? Msiba ni wa mwanadiplomasia wa Kiingereza na mkewe. Mwafrika aliye karibu zaidi na kiini cha kisa ni daktari Arnold Bluhm, ambaye hata huyo si wa Kenya. Wakazi wa Kibera wanaonekana sana na wanazungumza kidogo. Mahali ni pa kweli kabisa. Mandhari ni ya London iliyokuja kutembea.

Machakos ilifundishwa somo hili mapema, tena kabla Ian Fleming hajamchapisha Bond wake wa kwanza mwaka 1953. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilipoamua kutengeneza King Solomon's Mines kutokana na riwaya ya H. Rider Haggard, iliwatuma waongozaji na waigizaji wake Afrika ya Mashariki na ya Kati, na miongoni mwa mahali palipopigwa picha ni maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Astrida katika Rwanda ya Wabelgiji, Tanganyika, na katika Kenya, Rumuruti na Machakos. Filamu ilitoka mwaka 1950 na kupata tuzo ya Oscar ya upigaji picha na ya uhariri. Mtu wa Machakos anaweza kusema, na husemwa, kwamba vilima vyake vilishinda Oscar.

Vilishinda kwa jina la nani? Riwaya ya Haggard inatendeka kusini mwa Afrika, safari yake ikianzia Durban. Filamu iliuhamisha mkasa huo na kuuweka katika nchi isiyo na jina la kudumu, iliyoshonwa kwa vipande vya Uganda, Rwanda, Tanganyika na Ukambani, na jukumu la Umbopa akapewa Mnyarwanda aliyetambulishwa kwa jina moja tu la Siriaque. Katika mshono huo Machakos si Machakos. Haina Wakamba. Ni pori la kati ya hatari moja na nyingine. Na kwa kuwa pori lisilo na jina halina mwenyewe, picha za safari ile ziligeuka kuwa akiba ya kampuni: zilichotwa tena mwaka 1959 ili kuijaza filamu nyingine, Watusi, bila ya haja ya mtu yeyote kurudi Afrika. Huo ndio mwisho wa kawaida wa mahali palipokodishwa bila kusimuliwa. Panaweza kutumika mara mbili, mara kumi, kwa kisa chochote kile, kwa sababu hapakuwahi kusema lolote.

Wakati huo Machakos haikuwa pori wala haikuwa kimya. Mji huo ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijazaliwa, na jina lake lenyewe ni kosa la masikio ya wageni walioshindwa kulitamka jina la Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Mwaka 1938, yaani si zaidi ya miaka kumi na miwili kabla filamu ile haijaonyeshwa, maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao na serikali ya kikoloni, wakapiga kambi huko hadi wakasikilizwa. Muindi mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Kisa hicho kina kila kitu ambacho filamu ya kijasusi hukitaka: serikali inayopekua, vikao vya usiku, viapo, mkuu wa wilaya asiyejua kinachopikwa chini ya pua yake, kiongozi anayetoweshwa pwani. Hadithi hiyo ilikuwa pale pale kamera iliposimamishwa. Kamera iligeuzwa upande wa pili, kwenye nyasi.

Kuna filamu moja ambayo ingefaa kufundishwa pamoja na hii, si kwa ubora wake bali kwa ukweli ambao iliusema bila kukusudia. Mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru wa Kenya, watayarishaji wa Bond, Albert R. Broccoli na Harry Saltzman, walitoa kichekesho cha kijasusi kiitwacho Call Me Bwana. Chombo cha anga cha Wamarekani kimeanguka Afrika; anayetumwa kukitafuta ni mwandishi wa New York aliyejipatia umaarufu kwa kuchapisha kumbukumbu za mjomba wake kana kwamba ni zake, na ambaye nyumba yake ameipamba ifanane na kambi ya wawindaji. Bara ambalo mwongo huyu anajidai kulijua lilitengenezwa katika studio za Pinewood. Ni nadra kazi kujihukumu kwa ukamilifu namna hiyo. Tena, anayetazama From Russia with Love ya mwaka huo huo ataliona bango kubwa la filamu hiyo ukutani mwa jengo mjini Istanbul, na jasusi mmoja akijaribu kutorokea dirishani, kupitia kinywa cha mwanamke aliyechorwa humo, Anita Ekberg. Neno la Kiswahili limepata nafasi katika filamu ya kale ya kijasusi inayoheshimiwa kuliko nyingi, nalo ni "bwana", likiwa tangazo la biashara. Mwanaisimu angeweza kuandika makala nzima juu ya neno hilo tu: jinsi heshima ya kawaida ya mtu kwa mwenzake ilivyopokonywa na kuwa cheo cha Mzungu mwenye kofia, kiasi kwamba watazamaji wengi wa Magharibi hawajui kwamba muuza samaki wa Lamu naye ni Bwana.

Sasa tuje kwenye sera. Baada ya uchaguzi wa 2013 ulioleta serikali za kaunti, gavana wa kwanza wa Machakos, Alfred Mutua, ambaye kabla ya hapo alikuwa msemaji wa serikali kuu na mtu mwenye uzoefu wa utengenezaji wa vipindi vya televisheni, alitangaza mpango uliobatizwa Machawood. Nia ilikuwa kuifanya kaunti iwe kitovu cha filamu, na vijana wafunzwe kazi hiyo. Si haki kuubeza mpango huo moja kwa moja, kama walivyofanya baadhi ya wasomi wa Nairobi ambao hawajawahi kutafutia vijana ajira. Filamu huhitaji madereva, wapishi, mafundi umeme, washonaji, walinzi. Mwenye nyumba ya wageni hulipwa, na fedha hizo hazina ubandia wowote. Uanagenzi nao ni kitu chema.

Lakini jina lilijisaliti. Hollywood, Bollywood, Nollywood, Machawood: aliyelichagua alikuwa tayari amekubali kwamba kipimo kiko kwingine. Na lugha iliyotumiwa kuisifu kaunti, nayo ndiyo lugha ambayo karibu kila kaunti yenye kilima au ziwa huitumia mbele ya watayarishaji wa kigeni, ni lugha ya dalali wa mashamba: tuna vilima, tuna tambarare za Athi, tuna Ol Donyo Sabuk, tuna maporomoko, tuko karibu na uwanja wa ndege. Yote ni kweli. Buckinghamshire nayo inaweza kusema hivyo, ukiondoa maporomoko, na iko karibu zaidi na studio. Machakos haiwezi kuishinda Black Park kwa miti. Ikishindana kwa msingi huo, hata ushindi wake utakuwa kuitwa Mbale, au Mogadishu, au Nambutu.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba idara za fasihi zimejiunga na udalali huu badala ya kuuhoji. Idara hizo hizo zilikuwa na hadithi ya kijasusi ya Kiswahili mikononi mwao kwa miongo kadhaa zikaitia katika kapu la "fasihi pendwa", na wakali zaidi wakaiita chapwa. Aristablus Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na kumrudisha katika Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu na Uchu. Yapo ya kulaumu katika vitabu hivyo: wanawake wake wengi ni mapambo au mitego, na deni lake kwa Fleming ni kubwa mno kufichika. Lakini angalia alichofanya na mahali. Gamba anatumwa Nairobi, anatumwa Kinshasa, na adui yake si mwendawazimu mwenye paka bali ni utawala wa makaburu na vibaraka wake, waliokuwa wakiviandama vyama vya ukombozi vilivyokuwa na makao Dar es Salaam. Miji hiyo ina hoteli, baa, barabara na watu wenye kazi zao. Jasusi anauliza swali kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, mara nyingine kwa uongo, kwa kuwa anayemjibu naye ana lake alitakalo. Musiba hakuhitaji kuonyesha pasipoti yake ili Nairobi yake ikubalike. Hali kadhalika, Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) ina safari ya kuzunguka dunia ambayo haiwezi kupigwa picha katika sehemu yoyote inayojulikana, na hakuna msomaji makini anayeshuku kwamba nchi inayoulizwa habari zake humo ni Afrika ya leo.

Hata katika sinema ya kigeni upo mfano wa kuwaaibisha wanaopima kwa ardhi. Eye in the Sky ya Gavin Hood (2015) inahusu operesheni ya siri katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Kwa kipimo cha mazoea, ni bandia kama Casino Royale. Walakini kisa chote kinamtegemea kachero wa Kenya, Jama Farah, aliyeko mtaani wakati wakubwa wake wa kizungu wako mbele ya vioo London na Marekani. Na mizani ya hukumu yao ni mtoto wa kike auzaye mikate ukutani. Kachero huyo anajaribu kuinunua mikate yote ili mtoto aondoke kabla kombora halijashuka. Mtu anaweza kuilaumu filamu hiyo kwa mengi, ikiwemo huruma yake kwa wenye kubonyeza vitufe. Lakini mtaa wake una biashara, hofu, ujanja na mtu wa pale anayetenda kwa akili yake. Eastleigh iliyojengwa mbali ina uzito kuliko Kibera ya Meirelles iliyopigwa Kibera.

Kwa hiyo mtahini anapopokea tasnifu ambayo sura yake ya pili ni orodha ya mahali palipopigwa picha, na airudishe. Mwanafunzi aulizwe ni nani katika filamu hiyo anayejua siri, na anaisema kwa lugha gani. Aulizwe pia kuhusu kitabu kidogo kiitwacho Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Haggard iliyofanywa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1929. Kisa cha Quatermain kilikuwa kikisomeka kwa Kiswahili kwa miaka ishirini kabla malori ya Metro-Goldwyn-Mayer hayajapandisha Machakos. Waliokuja na malori hayo walitafuta wapagazi, wapishi na watu wa kusimama nyuma ya Stewart Granger. Msomaji wa kitabu hawakumtafuta.